Pete Ikigeuka Nyeusi, Usikimbilie Kumwita Mtu Tapeli

Wacha niseme kitu ambacho kitaniletea noma na mashangazi wengi wa nchi hii: almasi kuonekana nyeusi kidoleni si ushahidi kwamba ni feki. Si ushahidi kwamba jamaa alikuwa anamchezea msichana wa watu. Kama umewahi kukaa kwenye sherehe ya posa ukamnong'onezea jirani yako, "Hiyo ni chupa tu," hii posti ni yako. Kaa hapo tuongee.

Najua kuna mtu atauliza: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza fizikia na cheti gani? Cheti sina. Niko na kamera, taa mbili na miaka mitatu ya kurekodi vitu vinavyong'aa, kutoka sufuria mpaka magari. Ukifanya hii kazi muda mrefu unajifunza jambo moja: kitu kinachong'aa hakikuonyeshi chenyewe, kinakuonyesha kilicho mbele yake. Na almasi ndiyo mkali wao.

Watu wengi hudhani almasi iko na mwanga wake ndani, kitu ka balbu ndogo. Haina. Weka almasi kwenye chumba kisicho na mwanga hata kidogo, hutaona kitu. Inachofanya ni kupokea mwanga kutoka juu, kuugongesha kwenye kuta zake za chini, halafu kuurudisha juu kwa macho yako. Kama ulikaa kwa fizikia ya Kidato cha Tatu bila kulala, unakumbuka kwamba mwanga ulio ndani ya kioo ukifika ukutani kwa mshazari wa kutosha, hautoki, unarudi ndani. Kwa kioo cha kawaida, mwanga lazima uiname zaidi ya nyuzi 41 hivi ndipo unaswe. Kwa almasi, nyuzi 24 na kidogo tu zinatosha. Ndiyo maana almasi inashika mwanga kuliko kioo: njia za kutorokea ni chache.

Lakini hiyo yote inategemea vile ilikatwa. Mwaka wa 1919, kijana mmoja wa rika langu anaitwa Marcel Tolkowsky, kutoka familia ya wakata almasi wa Ubelgiji, aliandika kitabu akipiga hesabu ya pembe zinazofaa kwa jiwe la duara. Upande wa chini alipata nyuzi 41 kasoro kidogo. Jiwe likikatwa bapa sana, mwanga unapenya chini na unaanza kuona ngozi ya kidole. Likikatwa refu sana kwenda chini, katikati panakuwa peusi kama kichwa cha msumari. Na kwa nini mtu alikate refu makusudi? Juu almasi inauzwa kwa karati, yaani kwa uzito. Ukipunguza jiwe ndio ling'ae, unatupa pesa. Kuna mawe mengi yamebaki mazito na meusi kwa sababu hiyo tu. Ni almasi halisi, kabisa. Ni vile zilikatwa kwa ajili ya mizani, si macho.

Unadhani ni shida ya pete za bei rahisi? Koh-i-Noor ilichukuliwa na Waingereza kutoka Punjab mwaka wa 1849, kutoka kwa mfalme Duleep Singh aliyekuwa mtoto wa miaka 10. Mwaka wa 1851 wakaiweka kwenye Maonyesho Makubwa pale Hyde Park, London. Watu wakapiga foleni kuona almasi inayosifika dunia nzima. Wakaondoka wakinung'unika. Ilikuwa imepoa, kama kipande cha kioo tu. Wenyewe wakajaribu kuiwekea taa za gesi na vioo, wapi. Mwaka uliofuata Prince Albert akaamua ikatwe upya, na ikatoka karati 186 hadi 105.6. Zaidi ya asilimia 40 ya jiwe ilienda, wakitafuta mng'ao. Kwa hivyo almasi ya malkia mwenyewe iliitwa chupa. Ya msusi wa Githurai ni nani asiseme?

Msusi ninayemzungumzia ni dada yangu. Mchumba wake ni fundi wa magari. Aliweka akiba miezi 14, akaenda kwa sonara mmoja tauni, akanunua pete yenye kajiwe kadogo. Siku ya kuvalishwa ilimetameta mpaka mamangu akalia. Wiki ya sita hivi, ikaanza kufifia. Ya tatu ya miezi, ukiiangalia katikati kulikuwa na weusi, kama jicho limefungwa.

Hapo ndipo grupu la WhatsApp la familia likaamka. Shangazi mmoja akauliza kiupole, "Mwanangu, hiyo pete mliipima?" Mwingine akasema alijua kutoka siku ya kwanza. Binamu akaweka picha ya pete ya rafiki yake, inang'aa rangi zote kama taa za disko, akaandika, "Hii ndiyo almasi sasa." Hakuna mtu alimuuliza shemeji kitu. Walimuuliza dada, usiku na mchana, kama ana uhakika na huyo mwanaume. Dada akaivua akaiweka kwa droo. Shemeji alipoona kidole kitupu, hakuuliza pia. Akaacha kuja Jumapili. Karibu wiki tatu, watu wawili wanaopendana hawakuongea vizuri, na shida ilikuwa kitu ambacho sabuni ya vyombo ingemaliza.

Naam, sabuni ya vyombo.

Sikia. Almasi inapenda mafuta kuliko kitu kingine. Maji hayaishiki vizuri, lakini mafuta yanaganda juu yake. Hii si stori ya mtaa. Kule Kimberley, Afrika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji walianza kupitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe mengine yalisombwa na maji, almasi zikabaki zimenasa. Sasa fikiria dada yangu, anasuka watu kutoka asubuhi hadi jioni, mikono iko kwa mafuta ya nywele. Mafuta yanaingia nyuma ya jiwe, pale pete ina kitundu kidogo ambacho hakuna mtu huangalia. Yanashika vumbi, sabuni, losheni.

Na nyuma ndiko kuna kazi. Zile nyuzi 24 ni za almasi iliyopakana na hewa. Ikipakana na mafuta, mpaka unapanda hadi nyuzi 38 hivi. Maana yake, mwanga mwingi uliokuwa unarudi juu sasa unatorokea kwa ule uchafu na kumezwa. Jiwe halijabadilika hata kidogo. Limezibwa mgongo.

Kuosha ni hivi: bakuli (si sinki, utalia jiwe likichomoka na kuingia kwa bomba), maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, dakika 20 au 30, halafu mswaki laini, na usugue zaidi upande wa chini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, klorini inaharibu dhahabu. Ya dada ilipotoka kwa bakuli, maji yalikuwa na rangi ya chai.

Lakini bado nilipoileta karibu na simu kuirekodi, ikawa nyeusi tena. Na hapa ndipo kuna kitu ningependa kila mtu ajue. Jiwe lililokatwa vizuri linarudisha mwanga kutoka juu yake. Ukiinamisha kichwa uliangalie kwa karibu, ni nini kiko juu yake? Ni kichwa chako. Umeziba mwanga na wewe mwenyewe, na jiwe linakurudishia giza la uso wako. Ukileta simu nyeusi sentimita tano kutoka hapo, linakuonyesha simu nyeusi. Nilirudi nyuma hatua moja, nikavuta kwa kamera kutoka mbali, nikashika karatasi nyeupe kando. Ikawaka.

Kwa hivyo wale mashangazi walioshika mkono wa dada wakauvuta mpaka puani ndio "wakague", walikuwa wanajiona wenyewe.

Kuna mengine ya haraka. Dukani jiwe huwa chini ya taa nyingi ndogo kali, kila moja inazaa cheche yake. Nyumbani uko na taa moja ndefu kwenye dari nyeupe. Cheche zinapungua, hilo ni la kawaida. Ukitoka kwa jua kali la saa sita, jiwe linaweza kuonekana jeusi lenye vimulimuli vya rangi, kwa sababu mwanga wote unatoka sehemu moja. Mawe yenye umbo la yai mara nyingi huwa na kivuli katikati, kama tai ya bwana harusi. Na weusi kidogo unahitajika: bila sehemu nyeusi kupishana na nyeupe ukisogeza mkono, hakuna kumetameta.

Na ile pete ya disko ya binamu? Sijaipima, kwa hivyo siisemi vibaya. Lakini jiwe linaloitwa moisanaiti linatawanya rangi zaidi ya mara mbili ya almasi. Mng'ao mwingi wa upinde wa mvua si cheti. Hata kile kipimo kidogo cha bei rahisi kinachopima joto kinaweza kulia "almasi" kikiguswa na moisanaiti. Ukitaka ukweli, nenda kwa sonara mwenye kipimo kinachopima joto na umeme, aangalie pia na lenzi ya mara kumi. Kama jiwe lina cheti, mara nyingi kuna nambari ndogo sana imechorwa ukingoni kwa leza, linganisha. Shemeji alienda na dada, wote wawili, bila grupu. Ilikuwa almasi.

Ila hebu niulize swali la mwisho, na ndilo lilinifanya niandike hii. Ingekuwa moisanaiti, na ametuambia ni moisanaiti, shida ingekuwa wapi? Na ingekuwa mwanaume ameshuka kwa gari kubwa, nani angethubutu kuomba pete ipimwe? Nimehudhuria posa za watu wenye doo. Sijawahi kuona shangazi akivuta mkono wa bibi arusi hadi dirishani. Ushahidi tunaudai kwa fundi tu, yule ambaye mikono yake iko na oili, juu tumeshaamua kwamba mtu kama yeye hawezi kuwa na kitu halisi. Jiwe likififia kidogo, tunasema tulijua.

Ukitaka kununua, usiangalie pete chini ya taa za duka pekee. Muombe sonara uisogeze mlangoni, nyoosha mkono, isogeze taratibu, uone kama katikati panabaki peusi hata ukiwa mbali. Hapo utakuwa umelijua jiwe. Na kama uko na pete imefifia sai, ioshe leo usiku kabla hujampigia mtu simu ya hasira. Halafu mtumie hii yule shangazi. Mwambie ni salamu tu.