Disemba tulipeleka mchele, msanii na kamera

Juzi asubuhi grupu letu la klabu limeamka na meseji moja: "Wanachama wapendwa, mkutano wa Disemba ni Alhamisi, kila mtu aje na kofia nyekundu na zawadi isiyozidi elfu ishirini." Emoji za makofi kama zote. Mimi nikazima data. Najua kinachofuata baada ya kofia nyekundu ni kiroba cha mchele, na kila nikiona kiroba cha mchele namkumbuka binti mmoja niliyemharibia mwaka wake kwa picha moja.

Ngoja niwasimulie vizuri, ila majina yote kapuni. Msanii kapuni, klabu kapuni, kituo kapuni. Na msianze kubashiri huko chini kwenye komenti, nawajua.

Nilijiunga na klabu miaka minne iliyopita na sitawadanganya kwamba niliitwa na moyo wa huruma. Nilikuwa natafuta kazi yenye mshahara wa kueleweka. Bosi wangu wa zamani akaniambia, "Dogo, wewe unakaa na watu wa rika lako tu. Njoo Alhamisi ukutane na watu." Nikaenda. Ukumbi wa hoteli katikati ya Dar, wazee wa suti, akina mama wa benki, mawakili, na sisi vijana wachache ambao kusema ukweli tulifuata msosi. Mwenyekiti anagonga kikengele, mkutano unaanza. Kuna mwanachama ambaye kazi yake ni kutoza faini tu. Umesahau beji, elfu mbili. Simu imelia, elfu mbili. Umenunua gari, umepata mtoto, umeonekana kwenye TV, faini, na watu wanalipa huku wanacheka. Hela inaingia kwenye mfuko wa misaada. Nikaipenda ile kitu.

Haya mambo hayakuanza jana. Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905, mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu, na jina lenyewe lilitokana na kuzunguka: leo wanakutana ofisini kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Lions nao wakaanzia Chicago hukohuko mwaka 1917. Nairobi walikuwa na Rotary yao tangu 1930. Klabu yetu sisi ni ndogo, lakini taratibu nyingi tumezikopi kwa hao wakubwa, kuanzia kikengele mpaka faini.

Sasa, mkutano wa Disemba mwaka juzi. Si unajua Dar ya Disemba ilivyo, nusu ya watu akili zao ziko kwenye basi la Moshi, wanaenda kuhesabiwa. Kwa hiyo kila kitu kinafanywa haraka haraka. Mweka hazina wetu, mama mmoja nesi mstaafu, akasoma hesabu mbili kwa sauti ileile: chakula cha jioni cha wanachama 38 kwa elfu arobaini na tano kila mmoja, milioni moja na laki saba na elfu kumi. Ziara ya kituo cha watoto, milioni moja na laki nne. Akanyamaza kidogo, akatuangalia juu ya miwani. Hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga hesabu ya zawadi yangu ya elfu ishirini.

Kisha akauliza, "Kuna mtu amewapigia simu kituoni kuwauliza wanahitaji nini?"

Mmoja akajibu, "Mama, watoto yatima watahitaji nini zaidi ya chakula?" Watu wakacheka kidogo, tukaendelea. Mchele, mafuta, sukari, soda, sabuni. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa mitandao wa klabu, nikanyoosha mkono na wazo langu kubwa: tumlete msanii. Nilikuwa namfahamu meneja wake. Makofi. Hiyo jioni nililala najiona mtu.

Meneja akaja na masharti: fulana nyeupe kwa wote, bango kubwa, watoto wapangwe mbele. Tukakubaliana saa nne asubuhi. Jamaa akafika saa tisa kasoro. Watoto walikuwa wameogeshwa na kuvalishwa nguo za sikukuu tangu asubuhi, pilau limepikwa na halijafunuliwa, kwa sababu meneja alitaka picha ya msanii akipakua. Wadogo wengine walikuwa wameshasinzia kwenye mikeka. Alipofika waliamshwa wakaimba. Mlezi mkuu, ambaye nitamwita Mama tu, akanong'ona pembeni yangu, "Wiki hii huu ni wimbo wa tatu, mwanangu. Sauti zimewakauka." Nilidhani ananitania.

Akanionyesha stoo. Viroba vimepangwa mpaka karibu na dari. Alikuwa amepokea wageni wawili kabla yetu, na wengine walikuwa wanakuja siku mbili mbele, wote na mchele. "Mpaka Februari unaingia wadudu," akasema, bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Shule zikifunguliwa ndiyo nahangaika." Ada shule za serikali ilifutwa tangu 2016, hilo tunalijua wote, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinamsubiri mzazi palepale, na Januari hakuna mgeni anayekuja na kofia nyekundu. Njaanuari inamkuta kila mtu, hata wahisani.

Nilimsikia, ila sikuelewa. Nilikuwa nawaza mwanga, jua lilikuwa linashuka.

Picha yenyewe ni nzuri, ndiyo kinachoniuma. Msanii amechuchumaa, binti wa miaka kumi hivi ameshika kiroba cha kilo tano kifuani kama mtu aliyebeba mdogo wake, anaangalia kamera moja kwa moja. Nyuma yake ukuta wa kituo wenye jina na namba ya simu. Nikaandika maneno ya kuliza watu: binti huyu amefiwa na wazazi wote wawili, leo ametabasamu. Nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote kuhusu wazazi wake. Niliona kituo, nikamalizia mwenyewe. Msanii akaiposti kwake na maneno yangu neno kwa neno.

Siku ya tatu Mama akanipigia. Akasema kuna mtu anataka kuongea na mimi, akampa simu.

"Kaka, habari yako. Mimi ndiye mama yake yule mtoto. Wewe umeandika nimekufa."

Nilikuwa kwenye daladala. Nikashuka kituo ambacho si changu.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alinieleza kwamba anafanya kazi za ndani, analala hukohuko kwa bosi wake, na kazi ile haimruhusu kukaa na mtoto. Kila mwezi anatuma kituoni anachopata, na Jumapili moja moja akipewa ruhusa anakwenda. Kule nyumbani kwao hakuna aliyejua, aliwaambia mtoto anakaa kwa rafiki yake. Sasa picha imeingia kwenye grupu la ukoo wa marehemu baba yake, na mashemeji wanamuuliza kwa nini mtoto wao anaombewa mchele mtandaoni wakati mama yuko mjini anakula maisha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hukuweza kuuliza?"

Baadaye nikajifunza kwamba watoto wengi kwenye vituo, si hapa kwetu tu, wana mzazi hai. Kilichowapeleka pale ni umaskini, kazi ya mzazi, ugonjwa, ndoa iliyovunjika. Neno yatima sisi tunalitumia kama jina la jengo, yeyote aliye ndani tunambandika.

Nilifuta kwangu na kwa klabu dakika ileile. Kwa msanii nikamwandikia meneja. Akajibu, "Bro hiyo inafanya vizuri sana, ngoja sikukuu zipite." Sikukuu zikapita. Nikaandika tena, akaniwekea kidole gumba. Mara ya nne hakujibu kabisa. Mpaka leo picha ipo, ukishuka sana chini unaikuta, na kuna watu bado wanaandika "Mungu akubariki kaka." Januari shule zilipofunguliwa, Mama aliniambia binti amepewa jina darasani. Wanamwita Kiroba.

Nikapotea klabu miezi mingi. Faini za utoro zikajilundika. Aliyenirudisha ni yule mweka hazina, alikuja mpaka ofisini kwangu, na nikamwambia yote. Hakunihukumu wala hakunifariji, akaanza kunisimulia habari za polio. Zamani enzi za kampeni alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba na boksi la chanjo begani, matone mawili mdomoni, mtoto anapakwa wino kidoleni, mlango unaandikwa chaki, mnahamia wa pili. Na mkimaliza mnarudia tena mitaa ileile, miezi kadhaa baadaye, hata kama wenye nyumba wamewachoka. Hao Rotary walilibeba suala la polio tangu 1985, pamoja na serikali na mashirika makubwa, na Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Miaka thelathini na tano, dada zangu na kaka zangu. "Ile kazi haikuwa na siku ya kupiga picha," akasema. "Ilikuwa na siku ya kurudi." Akaniambia nije mkutano wa Disemba, na nilipe faini zangu.

Disemba mwaka jana nikasimama. Miguu inatetemeka, kofia nyekundu kichwani, yaani najiona kabisa nilivyokuwa kichekesho. Nikasema mambo matatu: tupige simu kwanza, tusipige sura za watoto, na ziara iende Januari. Ukumbi ukapoa. Mwanachama mmoja akauliza, "Bila picha, waliotupa mafuta watajuaje yamefika?" Watu wengine wangemzomea, ila mimi naona swali lake ni la haki. Kampuni ikitoa kitu inataka kuona. Tukabishana karibu saa nzima, tukafika hapa: picha za mizigo na za sisi wakubwa, na barua ya Mama yenye muhuri. Ya Januari ikapita kwa kura chache. Chakula cha hoteli hakikuguswa, msinichekeshe.

Mweka hazina akapiga simu palepale, spika imewashwa. Mama akasema kwa mchele tusihangaike, alikuwa nao wa kutosha, ila tungemsaidia viatu vya shule. Watoto 31. Tukamuuliza saizi. Akasema saizi hazijui, lakini atafanya kitu. Siku mbili baadaye akanitumia bahasha kwa bodaboda. Ndani kulikuwa na karatasi za daftari, kila moja imechorwa unyayo kwa kalamu, kisigino mpaka vidole, na jina juu. Wengine walikuwa wamechora na kucha. Nikaipata ya binti. Aliandika jina lake lote matatu, kwa herufi kubwa, akapigia mstari.

Wiki ya kwanza ya Januari tulienda Kariakoo tisa tu kati ya wanachama arobaini na kitu. Wengine walikuwa hawajarudi kutoka mikoani, wengine walikuwa hawana hata nauli, Januari hiyo. Tukawa tunaweka kiatu juu ya karatasi, karatasi chini ya kiatu, muuzaji anatushangaa. Jua, jasho, mikokoteni inatupigia kelele tupishe. Sikumbuki siku niliyochoka hivyo kwenye klabu.

Tulipovipeleka hakukuwa na wimbo. Watoto wengine walikuwa wanafua, wengine wanacheza mpira, Mama akawaita mmoja mmoja kwa jina. Binti alipofika kwangu akanipa shikamoo bila kuniangalia. Nikasema marahaba. Akaangalia mikono yangu, mfukoni, nyuma yangu.

"Leo hampigi picha?"

"Leo hatupigi."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, niliyarudia njia nzima. Nikayasema, vibaya, nikachanganya. Akasikiliza huku anafungua kamba. Akasema, "Mama yangu aliona," basi. Akaingiza mguu, akasimama, akatembea hatua mbili, akakunja uso. Kiatu kinabana. Tulipima tena. Mguu ulikuwa umeipita karatasi kwa karibu upana wa kidole, sijui ni kukua au alichora vibaya.

Akaanza kuvivua taratibu, akavirudisha kwenye boksi, akasema si mbaya, vitalegea. Nikamwambia hapana, nitavirudisha. Akanitazama kama mtu aliyeshawahi kuambiwa hivyo.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Kariakoo kabla duka halijafunguliwa. Muuzaji akaninyooshea kidole ukutani, palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwekea karatasi mbili juu ya meza, ya Disemba na ya jana. Akaziangalia muda mrefu, akazilinganisha kwenye mwanga, akaniuliza darasa la ngapi. Nikamwambia anaingia la sita. Akaenda nyuma, akaja na boksi jingine, namba moja zaidi.

"Ongeza elfu tatu," akasema. Nikaongeza, nikapanda daladala kurudi kituoni.