Kabla Hujakubali Kubadilishiwa Gia Boksi

Leo sisemi shela wala hina, nasema gari. Kwa sisi tunaouza nguo za harusi, gari ndiyo duka lenyewe.

Mimi nashona Kahama, na magauni ya mabibi harusi nayapeleka mwenyewe hadi Kakola na Shinyanga kwa Toyota yangu ya otomatiki. Mwezi wa Shaaban, harusi zikiwa zimejazana kabla ya Ramadhani, gari likaanza kugoma kubadilisha gia. Injini inalia, mwendo hauongezeki, na taa ya O/D OFF inawaka na kuzima. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Gia boksi imekufa, mama. Leta milioni moja na laki mbili." Hela hiyo nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya vitambaa vya mabibi harusi wanne. Amana ya watu.

Nikaenda kwa fundi mwingine. Yeye alianza na oili ya gia boksi, injini ikiwa ya moto na inanguruma, akaipangusa kwenye kipande changu cha satini nyeupe. Nyekundu, hainuki. Ingekuwa nyeusi, inanuka kuungua na ina chengachenga za chuma, basi sahani za ndani zimekwisha, na hapo hakuna ujanja.

Kisha akachomeka mashine, ikatoa P0758: solenoidi B. Solenoidi ni koili ya waya yenye vali ndogo. Kompyuta ikiipa umeme, vali inageuza njia ya oili na gia inabadilika. Ikifa, gia haiingii hata kama boksi ni zima.

Ila namba peke yake haitoshi, na mafundi wengi huishia hapo. Inasema njia ya umeme ina kasoro. Huenda ni waya ulioguguna panya. Akachomoa plagi iliyo ubavuni mwa gia boksi, akapima kwa testa. Toyota nyingi husoma omu 11 hadi 15. Ya kwanza ilisoma 13, ya pili haikusoma kitu: imekatika ndani. Ingesoma vizuri, angeufuata waya kuelekea kwenye kompyuta.

Akafungua sampo, akabadilisha hiyo moja, akaweka gasketi mpya na oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote ilimradi nyekundu. Gharama haikufika hata robo ya ile milioni. Alhamisi magauni yalikuwa Kakola.

Ukitengenezewa, omba na kifaa cha zamani ukione.