Mshono Mnyofu



Kosa la milimeta 3 ladhaniwa kuwa dogo. Mimi huwafundisha wasichana wa parokia kushona kwa cherehani, na somo langu la kwanza si la uzi wala la sindano, ni la hesabu.

Katika nchi yetu ya Kongo wanafunzi huvaa nguo nyeupe na bluu. Tuseme twashona sketi ya bluu yenye vipande 6. Basi ina mishono 6 kuzunguka kiuno, na kila ukingo umeachiwa sentimeta 1 na nusu ya kushonea. Mshono ukiingia ndani milimeta 3 kupita kipimo, kitambaa hupungua milimeta 3 upande huu na 3 upande wa pili, jumla 6. Zidisha kwa mishono 6: milimeta 36 zimepotea! Kiuno hakifungi. Kumbe mama wa mtoto ameuza mihogo siku nyingi ili apate kitambaa hicho, na kesho shule yafunguliwa. Kufumua mishono yote ni kazi ya usiku mzima. Na mshono ukikimbilia ukingoni, nyuzi hutoka, nguo ikaachia.

Mshono hupindaje? Mara nyingi ni kwa sababu mshonaji hukaza macho kwenye sindano. Sindano hupanda na kushuka mahali pale pale, haionyeshi njia. Utazame ukingo wa kitambaa, uufuatishe na alama iliyochorwa juu ya bamba la chuma. Ikiwa cherehani yako haina alama, pima sentimeta 1 na nusu kutoka kwenye sindano, ubandike hapo kipande cha plasta kiwe mpaka.

Tena, usikivute kitambaa. Meno madogo yaliyo chini yake ndiyo yanayokipeleka mbele. Kazi ya mikono ni kuongoza tu. Mwenye haraka huvuta, sindano ikapinda, ikagonga chuma na kuvunjika.

Anayeanza ashone kwanza karatasi ya daftari, bila uzi, akikanyaga polepole na kufuata mstari. Matundu yakikaa yote juu ya mstari, ndipo ashike kitambaa.

Nimefundisha hayo miaka mingi, nami naamini ya kuwa ni malezi ya roho pia. Wengi wetu Mungu hatuiti kwa mambo makuu. Hutupa kazi ndogo, tena ya kufichika, kama mshono wa upande wa ndani ambao hapana atakayeusifu. Lakini mtoto aliyevaa sketi ile huinuka darasani bila hofu, huandika ubaoni, hukimbia na wenzake, wala hafikiri habari ya nguo yake hata kidogo. Dada zangu, huo ni upendo wa jirani, na kipimo chake ni milimeta.