Senene na ndizi, akiba ya abiria wa Bukoba

Abiria wa Muleba hutoka alfajiri kwa basi, tumbo tupu, kuwahi ndege Bukoba, kwenye uwanja ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria. Akipitia Mwanza kwenda Dar es Salaam, kusubiri huko ndiko kunakomaliza pochi: soda na vitafunwa vya uwanjani huwa ghali kuliko vya mtaani.

Akiba imo jikoni kwake. Senene waliokaangwa wakakauka, karanga na ndizi mbivu havimwagiki wala haviharibiki upesi. Anayeendelea nje ya nchi afike kwenye ukaguzi na chupa tupu. Kinywaji kinachozidi mililita 100 kwa kawaida hakipiti.

Ila kubana matumizi kusigeuke kufunga. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiruka mlo, sukari yaweza kumshuka angani, mbali na hospitali.