Kukua Kiroho Kunaanza na Lile Unalolijua Tayari

Wapendwa, leo naomba tuweke pembeni stori za mastaa na mavazi, tuongee kidogo mambo ya imani. Hili limekaa moyoni mwangu muda mrefu, na nahisi siko peke yangu.

Vijana wengi wa Kikristo tunaoishi mjini tumeshiba mafundisho. Asubuhi uko kwenye mwendokasi, mahubiri masikioni. Mchana umeweka mstari wa siku kwenye status. Ijumaa mkesha, mwisho wa mwezi semina, na daftari la kuandikia mafundisho limejaa mpaka umenunua lingine. Mtu akikuuliza kama unakua kiroho, unamhesabia hayo yote.

Sisemi hayo ni mabaya, mimi mwenyewe nayapenda. Lakini hebu tuwe wakweli. Kuna mtu anaomba usiku kucha na hajaongea na dada yake tangu mwaka juzi kwa sababu ya kiwanja cha urithi. Kuna mwingine anaweza kukuchambulia kitabu cha Ufunuo sura kwa sura, halafu binti wa kazi pale nyumbani anamdai mshahara wa miezi miwili. Wote hao wanajua sana. Na wote, ukiwauliza, watakwambia wanamsubiri Mungu aseme nao.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja tu: mara nyingi Mungu ameshasema. Kukomaa kiroho kunaanza na lile unalolijua tayari, ukalifanya, hata kama hujui kesho itakuwaje.

Nina fremu ndogo, nachapa tisheti, mabango na kadi za harusi. Ni mimi, kijana mmoja wa kunisaidia, kompyuta moja na mashine ya kubana tisheti. Mwaka jana alinijia kaka mmoja anayehusika na manunuzi kwenye taasisi fulani. Taasisi siitaji, na yeye simtaji. Alitaka tisheti 200.

"Dada, bei yako shilingi ngapi?"

Nikamwambia 12,000 kwa moja. Akasema safi kabisa, ila kwenye profoma niandike 18,000. Hesabu ni nyepesi. Kwangu ilikuwa milioni 2.4, kwenye karatasi isomeke milioni 3.6, na ile milioni 1.2 ya katikati nimrudishie yeye kwenye simu malipo yakishaingia. Wafanyabiashara mnaijua hii. Inaitwa cha juu, na mjini imeshakuwa kitu cha kawaida kama salamu.

Nisikudanganye, mfukoni hali ilikuwa mbaya. Kodi ya fremu ya miezi sita, 720,000, ilikuwa inatakiwa ndani ya wiki mbili. Faida yangu halali kwenye kazi ile, ukitoa tisheti zenyewe na gharama za kuchapa, ilikuwa kama 700,000. Yaani kazi moja tu, na kodi karibu yote imeisha.

Ushauri ukaja wa kila aina. Rafiki yangu mmoja akasema, "Wewe siyo mwizi, mwizi ni yeye. Bei yako si iko palepale?" Mwingine, huyu ni mtu wa maombi kweli kweli, akaniambia niingie mfungo wa siku tatu ili Mungu anipe neno.

Sasa, kanisani kwetu kuna mama mmoja mtu mzima, anauza chai na maandazi asubuhi karibu na kituo cha daladala. Hana cheo chochote, labda tu kwamba Jumamosi yeye ndiye anayefagia kanisa. Simu yake ni ya batani. Nikapita kwake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikakaa kwenye benchi na kumweleza yote. Alinisikiliza huku anageuza maandazi. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Hiyo karatasi itakuwa inasema kweli au inasema uongo?"

Nikamwambia itakuwa inasema uongo.

"Sasa mwanangu, mfungo wa kuuliza nini? Mtu anafunga kuuliza jambo asilolijua. Hili unalijua. Ukitaka kufunga, funga upate nguvu ya kulifanya."

Akanipa andazi, akaendelea na wateja wake.

Siku ileile nikamtumia yule kaka profoma yenye 12,000. Akajibu, "Sawa dada." Sikumwona tena.

Hapa ndipo shuhuda nyingi huwa zinanoga. Simu inaita, mtu usiyemjua anakupa tenda ya milioni kumi, kanisa zima linapiga makofi. Kwangu simu haikuita. Nilikwenda kwa mwenye fremu nikamwomba nilipe mwezi mwezi kwa miezi mitatu. Alinung'unika sana, mwisho akakubali. Nikauza friji yangu ya nyumbani ili yule kijana apate mshahara wake. Miezi mitatu nilikuwa nakunywa maji ya mtungi kama kwa bibi kijijini.

Utauliza, sasa faida ya kutii iko wapi?

Nilichokiona kilikuja taratibu. Miezi michache baadaye mteja mmoja alinitumia hela kwenye simu, akazidisha 50,000. Nilimrudishia kabla sijamaliza kunywa chai. Sikuomba ushauri kwa mtu, sikukaa kupiga mahesabu. Lile lililonigharimu usiku mzima wa mawazo mara ya kwanza, mara ya pili lilichukua dakika mbili. Barua kwa Waebrania ina wazo hili hili: watu wazima kiimani ni wale ambao kwa kuzoea kutenda, akili zao zimefundishwa kutofautisha mema na mabaya. Ni kama mazoezi ya mwili. Unaweza kuangalia video mia za gym ukiwa umelala kitandani, mkono wako hautakuwa na nguvu hata kidogo.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Yule kijana wangu wa kazi aliona kila kitu, profoma, kodi, mpaka friji. Sikumhubiria hata siku moja. Wiki moja akanifuata jioni tukiwa tunafunga, akasema, "Dada, kuna tisheti za wateja zinazobaki huwa nachukua nauza. Naomba tuongee." Tuliongea. Mpaka leo tuko naye, na hesabu za stoo anaziandika yeye.

Ukisoma Biblia kwa jicho hili utashangaa inavyopenda maagizo madogo. Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu, alikwenda kwa Elisha na ukoma wake, amebeba fedha na dhahabu. Nabii hata nje hakutoka. Alimtuma mtu tu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani alikasirika, akaondoka. Alitegemea kitu cha heshima, mkono unapungwa juu yake, jina la Mungu linaitwa kwa sauti. Watumishi wake ndio waliomrudisha, wakamwambia kwamba kama angeambiwa jambo kubwa angelifanya, sasa kuoga tu kunamshinda nini? Akashuka mtoni, akaoga, akapona.

Ndivyo tulivyo wengi wetu. Tukiambiwa tufunge siku 40 tutajaribu. Tukiambiwa tumpigie simu dada yetu, tunasema tunaliombea.

Halafu kuna ile harusi ya Kana. Divai imeisha, na Yesu anawaambia watumishi wajaze maji mabalasi sita ya mawe. Tunapita haraka hapo kwa sababu tunakimbilia muujiza. Hebu simama kidogo. Makadirio ya chini yanayotolewa mara nyingi ni kama lita 80 kwa kila balasi. Sita ni lita 480. Wewe uliyewahi kuchota maji bomba likiwa limekatika mtaani unaelewa: hizo ni ndoo 24 za lita 20, na hakuna boda ya kubebea. Watu wana kiu ya divai, wewe unaambiwa beba maji. Na hawakujaza nusu nusu, walijaza mpaka juu.

Mwisho wa stori, mkuu wa meza alionja divai bila kujua imetoka wapi. Yohana anasema waliojua ni wale watumishi walioyachota maji. Mimi nalipenda sana hilo. Mgeni wa heshima alikunywa tu. Waliomwona Mungu akifanya kazi ni wale waliokuwa wamelowa maji nguo zao.

Na hii siyo habari ya enzi za Biblia peke yake. Mwaka 1886, mji wa Brockton huko Massachusetts, Marekani, mhubiri Dwight L. Moody alikuwa na mikutano. Ulipofika wakati wa shuhuda akasimama kijana mmoja. Hakuwa msemaji mzuri, na alionekana mafundisho mengi hajayaelewa. Alichosema kwa ufupi ni kwamba hana uhakika na kila kitu, ila yeye ataamini na atatii. Mwanamuziki Daniel B. Towner alikuwepo. Akayaandika maneno yale, akayatuma kwa mchungaji John H. Sammis, na mwaka uliofuata ukatoka wimbo wa Trust and Obey, ambao unaimbwa makanisani mpaka leo. Jina la yule kijana halikuandikwa. Kwenye mkutano uliojaa watu wenye majibu, aliyeacha alama ni mtu asiye na uhakika, ila mwenye nia ya kutii.

Naomba hapa niweke jambo wazi, maana najua mjini kwetu neno utii limetumika vibaya. Kumtii Mungu siyo kumtii kila mtu mwenye maikrofoni. Mtu akikuambia Mungu amesema utume hela kwenye namba yake leo kabla ya saa sita usiku, hiyo siyo Yordani. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado walirudi kwenye Maandiko kila siku kuangalia kama anayosema ni kweli, na wakasifiwa kwa hilo. Na dada unayepigwa ndani ya nyumba, kuvumilia kipigo siyo utii. Toka, tafuta msaada.

Pia hatutii ili Mungu atupende. Mtoto hafagii uwanja ili awe mtoto wa nyumba ile. Anafagia kwa sababu ni kwao, na anamwamini baba yake. Ndiyo maana imani inatangulia. Kama humwamini Mungu kwamba ni mwema hata kodi ikiwa haijalipwa, kutii kutakuwa mzigo, na siku moja utautua njiani. Mimi kilichonishika ile miezi mitatu hakikuwa nguvu zangu. Nilikuwa naamka asubuhi nasema, Baba, wewe unajua, mimi nimefanya lile uliloniambia, mengine ni yako. Sala yenyewe ilikuwa fupi hivyo, lakini nilikuwa nalala usingizi.

Watu wananiuliza, sasa nianzie wapi? Mimi huwa nasema usianze na orodha ndefu. Kaa dakika kumi, zima data, na ujiulize: ni jambo gani moja ambalo Mungu ameshaniambia, nalijua kabisa, na nimekuwa nikilizunguka? Usitafute la kutisha. Huenda ni deni la 30,000 la mangi wa dukani ambaye siku hizi unabadilisha njia usimpite. Huenda ni meseji za usiku na mume wa mtu. Huenda ni baba ambaye alikukosea kweli, na kusamehe hakumaanishi unamruhusu arudie. Likishakuja hilo jambo, lifanye leo, na ulifanye lote. Jaza balasi mpaka juu.

Ukishindwa, tubu, amka, rudia. Petro alimkana Yesu mara tatu, na bado alikabidhiwa kuchunga kondoo. Mungu hatuwekei chuki kama mwenye nyumba wa Uswahilini.

Na usishangae kama hakuna atakayekupigia makofi. Kulipa deni la mangi hakupostiwi. Kumpigia dada yako simu, mkalia wote wawili halafu mkaanza kucheka, hakuna atakayekuita madhabahuni ushuhudie. Lakini mwaka ukipita, watu wa karibu yako watagundua kuna kitu kimebadilika. Huna haraka ya kujitetea kama zamani. Ukisema kesho saa nne, ni saa nne. Karatasi zako zinasema kweli.

Mimi bado nina safari ndefu. Friji sijanunua nyingine, nadunduliza. Maandazi ya yule mama naendelea kula, na kila nikipita na jambo langu naona ananiangalia kama anayetaka kuuliza swali lilelile.

Na wewe nakuachia swali hilo hilo. Lile unalolijua tayari, unalifanya lini?