Raba nyeupe hazifai Hanang

MTOTO wa Temeke akikwambia anajua udongo, mwangalie mara mbili. Sisi wa kuanzia Tandika mpaka Mbagala tunachokanyaga ni mchanga tu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unatoka na kandambili zako, mchanga umeshakunywa maji, unapiga miguu chini mara mbili na safari inaendelea. Hata mawe ya maana hatuna. Ukivuka kwenda wilaya ya Kinondoni, kule Kunduchi na Wazo Hill, mawe yapo, lakini ni ya chokaa iliyotokana na bahari, ndiyo maana kiwanda cha saruji kikawekwa pale miaka ya 1960. Jiwe lililozaliwa na moto hulipati Dar nzima.

Mimi nimekutana nalo masika iliyopita, na nimelilipia raba.

Ilikuwa hivi. Nina mshikaji wangu, tunashinda naye kijiweni Tandika, kwao ni Katesh, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Kila akiona watu sokoni wanagombea fungu la mchicha ulionyauka anaguna: "Kwetu ukitema mbegu ya papai inaota." Tulimwona mtu wa sifa. Siku moja akaniambia anakwenda kwao kumchukua mama yake aje kuishi Mbagala, ana kiwanja na vyumba viwili vimeshaezekwa. Nikadandia. Nani asiyetaka kuona mlima bure?

Basi la alfajiri kutoka Mbezi, Dodoma mchana, Singida jioni, tukafika Katesh usiku kiuno kimekufa ganzi. Asubuhi nilipofungua mlango nikarudi nyuma hatua moja. Mlima umekaa juu ya mji kama mtu aliyeinama kuchungulia sufuria. Hanang ina urefu wa karibu mita 3,420, ni miongoni mwa milima mirefu kabisa nchini, na ilijengwa na volkano ambayo siku hizi imelala. Kwa nini haisemwi kama Kilimanjaro sijui, labda kwa sababu haina theluji ya kupigia picha.

Tukapanda kidogo na mzee mmoja wa mtaa, mimi na raba zangu nyeupe za mtumba, bado mpya machoni mwa watu. Hatua kumi za kwanza nilikuwa bishoo. Hatua ya ishirini kila mguu ulikuwa na kilo mbili. Udongo ule haukuachii! Ni wa kahawia iliyokolea, unateleza kama sabuni na papo hapo unanata kama ulimbo, na ndani yake umejaa mawe, madogo kama yai na makubwa kama mtungi. Unakanyaga tope unateleza, unakimbilia jiwe, nalo linabingirika. Mzee alikuwa pekupeku, ananicheka kwa adabu.

Tulipoingia kwenye miti akaokota jiwe moja la mviringo, akaligonga kwa mpini wa panga. Likabanduka ganda, kama kitunguu. Ganda la nje lilipondeka kwa vidole likawa udongo, la ndani likawa gumu kiasi, na katikati pakabaki kiini cheusi ambacho hata panga halikukitia alama. Hapo ndipo nikaelewa jiografia niliyoifeli kidato cha pili. Udongo wa pale haukuletwa na mto wala upepo peke yake. Ni mlima wenyewe unaooza taratibu. Mvua na joto vinaingia kwenye nyufa za mwamba wa volkano, vinaula kuanzia nje kwenda ndani, madini yanageuka mfinyanzi, chuma kilichomo kinapata kutu na kuupa udongo rangi. Mawe unayojikwaa nayo ni mwamba ambao zamu yake ya kuoza haijafika.

Sasa linganisha na kwetu. Punje kubwa ya mchanga inafika milimita 2. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Ndiyo kusema punje moja ya mchanga wa Tandika ukiipanga mbele ya chembe ya mfinyanzi, ni mara elfu moja. Chembe ndogo namna hiyo zikikaa pamoja zinashika maji na chumvi za rutuba, haziachii ovyo. Mwamba wa volkano nao una potasiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo mmea unayapenda, na majani ya msituni yanaozea juu yake mwaka hadi mwaka. Mchanga wetu ukiumwagia mbolea, mvua mbili zinaiosha. Mshikaji hakuwa na sifa za bure. Mahindi ya mama yake yalinipita kimo, na mimi si mfupi.

Lakini udongo unaoshika maji una siku yake ya kuzidiwa.

Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilikuwa imenyesha mlimani. Wataalamu wa Serikali walieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka. Si volkano iliyolipuka, ingawa wengi walidhani hivyo kwa jinsi mngurumo ulivyokuwa. Mfinyanzi ukishiba unakuwa mzito, na wakati huohuo unalainika, na chini yake pana mwamba mteremko. Mizizi ya miti inashika udongo, kweli, lakini kwenye mwamba mgumu haipenyi, kwa hiyo udongo ukiondoka miti nayo inaondoka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh mjini, vikapita Jorodom na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Nimeona njia ya lile tope. Majani yameshaota, watoto wanachunga mbuzi, ila mawe yaliyobaki mengine ni makubwa kuliko daladala, na ukiyatazama unashindwa kuyaamini. Moja limekaa karibu na nyumba ya mama, hatua hamsini hivi. Nyumba yake ilisalimika. Ya jirani haikusalimika, na jirani mwenyewe sikuulizia zaidi, nilivyoona mama anavyotazama pembeni.

Jioni mshikaji akatoa hoja yake, kwa upole, ameipanga tangu kwenye basi. Mbagala kuna umeme, maji, hospitali karibu, wajukuu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamimina maziwa.

"Na huko nitalima nini, baba?"

"Mama, huko hakuna kulima. Utapumzika."

"Basi mtanilisha na mimi nitawatazama." Akasema Serikali imejenga nyumba kule Waret kwa waliopoteza zao, zaidi ya 100, nzuri, za bati, na amewatembelea. Ila shamba lake yeye liko hapa.

Nilitaka kuingilia, kisha nikakumbuka kwetu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar, na wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, huko mwisho wa Kinondoni, wakapewa viwanja. Haukupita muda mrefu baadhi wakarudi bondeni. Tuliwaita wabishi. Mabwepande palikuwa pakavu na salama, lakini vibarua vyao, wateja wao wa maandazi, vyote vilikuwa mjini. Mimi mwenyewe niliwacheka kijiweni. Mbele ya mama yule sikuwa na la kusema, nikanywa maziwa yangu.

Hakuja. Alikubali jambo moja tu, kwamba mvua ikizidi usiku atakwenda kulala kwa dada yake, ng'ambo ya pili ya barabara, mbali na korongo. Mshikaji akamnunulia simu yenye tochi kali.

Raba zangu nilizirudisha Tandika hivyohivyo, nikampelekea fundi viatu. Tope lilikuwa limekauka likawa tofali, akaligonga kwa nyundo, likatoka na soli. Akaniuliza nimejenga nazo nyumba?

Siku hizi mvua ikianza kupiga bati usiku, mshikaji hahangaiki na paa linalovuja. Anachukua simu. Mama akipokea, hata shikamoo haijakaa sawa, anaulizwa: "Maji ya korongoni ni meupe au ya tope?"

Wiki iliyopita yalikuwa meupe.