Mke Mwenzangu wa Mangapwani

Nina mke mwenza. Usishtuke msomaji wangu, mume wangu sijamnasa na mtu. Mke mwenzangu ana miaka 80 na ushei, meno ya mbele hana, na ndiye aliyemlea huyu bwana niliyenaye tangu akiwa na miaka 4. Ni bibi yake. Siku ya kwanza nilipopelekwa Mangapwani kutambulishwa, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Haya, karibu mke mwenzangu. Lakini ujue, mkubwa ni mimi." Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikajua nimepokelewa.

Kwa miaka utani huo ndio ulikuwa lugha yetu. Mara moja kwa mwezi, Jumapili, tunatoka mjini, tunapita Bububu na Chuini, tunafika kwake na mchele, sukari na sabuni. Tunakaa saa mbili, tunakunywa chai, tunapiga naye picha, tunaondoka. Jioni naituma picha kwa marafiki, wananijibu, "Mashaallah, mna bahati." Na kwa kweli niliamini sisi ni watoto wema.

Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016. Ni ya kila mzee aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Bibi hajaajiriwa hata siku moja. Alifukia makumbi pwani, akayapiga, akasokota kamba, na kamba hizo ndizo zilizomsomesha mume wangu skuli. Kwa hiyo pensheni ndiyo mshahara wake wa kwanza maishani.

Jumapili moja ya mwaka huo wa 2023, mume wangu alikwenda kusali adhuhuri, tukabaki wawili barazani. Bibi alikuwa anasuka ukili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti mke mwenzangu, redioni wanasema pesa ya wazee imeongezwa. Kweli?"

Nikamwambia kweli, sasa ni 50,000.

Akasuka kidogo, kisha akasema, "Mimi napewa 10,000."

Anayempokelea ni shemeji yangu, ambaye anakaa naye hapo nyumbani pamoja na mkewe. Tangu mwanzo alikuwa anampa nusu. Pesa ilipoongezwa, ya Bibi haikuongezeka.

Siku hiyo ndipo nilipoliona na kufuli. Lilikuwa linaning'inia kwenye mlango wa chumba chake, kwa nje. Nikauliza la nini. Wakitoka kwenda shamba au harusini, Bibi anafungiwa ndani, "asije akapotea". Wageni wangapi nimewapeleka kwenye Chumba cha Watumwa, hapo hapo Mangapwani, nikawasimulia jinsi watu walivyofichwa chini ya ardhi baada ya soko la watumwa la mjini kufungwa mwaka 1873! Kufuli la Bibi nilikuwa nalipita tu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wewe jioni unaondoka. Mimi nalala hapa."

Nilimwambia mume wangu kabla hatujafika Chuini. Nilidhani atageuza gari. Akasema, "Hayo mambo ya ndani. Tusiwavue watu nguo." Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake. "Yule ndiye anayekaa naye, mkewe ndiye anayemwogesha. Wewe umewahi kumwogesha?" Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu ndiye anayekasirika zaidi. Tulilala siku mbili bila kusemeshana. Siku ya tatu nikampigia shemeji simu, nikamwaga yote. Nikakata nikiwa najisikia shujaa.

Mwezi uliofuata tulipofika, Bibi aliitika "marahaba" tu. Mke mwenzangu hakuna. Simu yake ndogo hakuwa nayo tena, na kufuli lilikuwa pale pale. Nilipomsogelea akaniambia, "Nilikwambia usimwambie mtu. Kumbe na wewe hunisikilizi."

Na wewe. Maneno hayo mawili yalinikaa moyoni. Mimi niliyesomea mawasiliano chuo kikuu, ambaye kazi yangu ni kusikiliza watu na kuyaweka sawa maneno yao, nilimfanyia Bibi vile vile alivyofanyiwa na shemeji. Niliamua kwa niaba yake.

Ndipo nikaanza kusoma. Zamani nikisikia udhalilishaji wa wazee, akili yangu ilikuwa inakwenda Kanda ya Ziwa, kwa vikongwe wanaouawa kwa kushukiwa uchawi. Sikujua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi amefanyiwa ubaya wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja. Kupigwa kumo, lakini kumo pia kutukanwa, kunyimwa chakula au dawa, kuchukuliwa fedha, kutelekezwa. Na mara nyingi anayefanya ni wa damu, yule yule mzee anayemtegemea kwa uji wa asubuhi. Ndiyo maana wananyamaza.

Nilirudi Mangapwani peke yangu, kwa daladala. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza: "Bibi, wewe unataka nini?"

Hakujibu siku ile. Alinijibu mwezi uliofuata. Anataka pesa yake aishike kwa mkono wake. Anataka kufuli liondoke. Na hataki shemeji apelekwe polisi wala atolewe kwenye nyumba. "Na yeye ni mjukuu wangu," akasema.

Mume wangu akaitisha kikao cha familia. Shangazi zake walikuja, na babu mmoja anayeheshimika kwenye ukoo. Nakiri niliogopa, maana mwanamke wa kuja ndiye wa kwanza kuambiwa amevunja nyumba. Lakini siku ile mimi sikusema. Alisema Bibi mwenyewe, maneno machache, huku anautazama mkeka. Shemeji aliinama. Aliyelia ni mkewe. Miaka 7 hajalala kwao hata usiku mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Sisi na kilo zetu za sukari tulikuwa tunapokea sifa, yeye ndiye anayefua mashuka.

Sikusema wizi uligeuka halali. Shemeji alikubali kosa, na pesa ikaanza kuingia mkononi mwa Bibi. Ila na sisi tulipewa zamu. Wikiendi mbili kwa mwezi tunalala Mangapwani, na tunamlipa binti wa jirani akae na Bibi wenye nyumba wakitoka. Sasa naweza kusema kwamba nimewahi kumwogesha.

Mwezi wa kwanza alipopokea 50,000 zake, alizifunga pindoni mwa kanga. Tulipokuwa tunaaga akafungua fundo, akanipa 2,000. "Kanunue soda, mke mwenzangu."

Kazi ya kutetea wazee kwangu imeanzia hapo. Niliyasimulia haya kazini, na kabla chai haijapoa wenzangu watatu walikuwa na hadithi zao: mama mwenye kadi ya benki asiyoijua namba yake ya siri, baba aliyehamishiwa stoo. Sasa tuko wachache, tunazunguka vijijini tukishapiga hodi kwa sheha. Tunakaa na wazee, na tunakaa pia na wanaowauguza. Tunawaambia kwamba Zanzibar ina sheria ya mambo ya wazee tangu mwaka 2020, na kwamba ipo Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA. Tarehe 15 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 2011 kwa ajili ya kupinga udhalilishaji wa wazee, tunakaa mkekani kutwa nzima. Anayeendesha gari ni mume wangu.

Na nyinyi mnaokwenda kusalimia Jumapili ijayo, nawaomba kitu kimoja. Msikimbilie picha. Mmoja wenu atoke nje, mwingine abaki na mzee peke yake. Muulize pesa yake anaishika nani, mlango wake unafungwa na nani, na jana usiku alikula nini. Kisha muulize anataka ufanye nini, na usifanye zaidi ya hapo kabla hajakubali. Ukitoka, pita jikoni, umuulize na anayempikia.